Kiti cha Magurudumu Manene

Orodha ameiandika mwenyewe nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
kwa kalamu inayokatakata wino:
mbuga yenye misonobari, mbuga yenye gati refu,
kile kisiwa cha mwisho wa daraja,
na chini kabisa ufuo asioutaja jina.
Ameuwekea msalaba tu. "Tukifika nitakwambia simama."

Mama yangu, Arvella, ana miaka themanini na mmoja.
Thelathini na mmoja kati ya hiyo ilipita chini ya hoteli,
chumba cha kufulia, dirisha moja ukubwa wa sinia.
Ghuba aliijua kwa taulo.
Zilishuka mbichi, zimebeba mambo ya wageni:
mafuta ya nazi, damu ya dole lililokatwa na chaza,
na mchanga, mchanga, mchanga.
"Ufuo huu nimeukung'uta wote," husema.
"Kuukanyaga ndiyo bado."

Kwani enzi za usichana wake ufuo ulikuwa na wenyewe.
Maji ya Mungu, mchanga wa wenye hati,
na polisi wa kumkumbusha aliyejisahaulisha.

Langoni, dola tano kwa gari; wazee bure.
Mama anagoma. Anataka kulipa.
Anataka risiti, na iandikwe tarehe.
Kijana wa mbuga, Robichaux kwenye beji, anacheka, anaandika,
kisha anatuletea kiti cha magurudumu manene ya manjano,
yamevimba kama maandazi, hayazami mchangani.
"Mkiingia majini, burureni miguu," anatuasa,
"taa wasikie mnakuja, wahame."
"Mimi nimeburura miguu tangu hujazaliwa," Mama anamjibu.
"Sijaona wa kunihamia."

Mbuga ya misonobari: mbu, kivuli, meza ya saruji,
familia moja ya Kivietinamu inachemsha kaa,
bibi yao anatupa watatu kwenye karatasi, bila neno.
Gati refu: mwari juu ya kila nguzo,
wamekaa kama makarani waliocheleweshewa mshahara.
Kisiwani: bendera ya zambarau, maana yake konyeza,
nao hawamkonyezi mtu bure.
Tukala tikiti ndani ya gari, madirisha wazi.
Saa nane mvua ikapiga, saa tisa kukavu,
lami ikitoa moshi.

Siku ya tatu, barabara ikipita katikati ya mialoni iliyoinama,
akanigusa bega. "Simama."

Hapakuwa na kitu. Choo cha mbao, bomba la kuogea,
kibao cha kukataza chupa.
Mchanga mweupe kama unga wa sembe, ukilia chini ya magurudumu.
Mbali, mitambo ya mafuta imesimama majini kwa miguu ya chuma.
Nilingoja aniambie ni hapa kulitokea nini.
Hakuniambia. Alivua soksi, moja, halafu nyingine,
akazikunja kwa mpangilio, akanishikisha.

Nikamsukuma mpaka maji yakafika kwenye ekseli.
Yalikuwa na uvuguvugu, kama maji ya kuogeshea mtoto.
Alitazama miguu yake kwa muda mrefu,
kama mtu anayehesabu chenji.
Kisha: "Yana moto kuliko nilivyodhani."
Na baadaye sana: "Twende, nina njaa."

Usiku, moteli, nilizitupa taulo kwenye beseni.
Akaniamsha saa tano.
Tukatoka kwenye maegesho, yeye na gauni la kulalia,
tukazikung'uta, pembe mbili mbili, mara tatu,
hadi hazikutoa hata vumbi,
tukazikunja vile alivyofundishwa, mshono ndani.
"Kesho kuna mtu zamu yake," akasema, akalala.

Asubuhi, mkahawani, mbele ya mayai na uji wa mahindi,
alikuna sikio, akaangalia ncha ya kidole.
Chembe moja.
Akairudisha.